GESI YA KUPIKIA KATIKA VIHAMBA VYA MASAMA: MAMBO YANAYOIONGEZA NA YANAYOIPUNGUZA

1. Kusudi la mafundisho haya

Mafundisho haya yameandikwa kwa ajili ya wakulima wa Masama, na wa miteremko mingine ya Kilimanjaro, walio na ng'ombe wa zizini na mtambo wa gesi, au wanaokusudia kujenga mtambo huo. Hayaelezi namna ya kujenga, kwa kuwa hiyo ni kazi ya fundi aliyefundishwa. Yaeleza namna ya kuutunza mtambo uliokwisha kujengwa, ili utoe gesi kila siku, wakati wa jua na wakati wa baridi.

Haja ya kuni yajulikana na kila nyumba. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu uitwao Nusu Maili, ili wenyeji wa mlimani wapate kuni na miti ya kujengea. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na masharti ya kuingia yakawa makali zaidi. Watu nao wameongezeka, vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu, na mti wa kivuli ukikatwa leo hauoti kesho. Basi kila debe la mavi ya ng'ombe linalofanywa gesi huokoa mzigo wa kuni, na huyaepusha macho na kifua cha mama mpishi na moshi.

Kazi hii si ngeni nchini. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lilianza kujenga mitambo ya gesi mwaka 1975. Katika miaka ya 1980, CAMARTEC ya Arusha, ikisaidiwa na Wajerumani, ilieneza mtambo wa kuba ya matofali unaofukiwa ardhini. Mwaka 2009 ulianza mpango wa taifa wa mitambo ya nyumbani. Mafundi wapo, na mtambo uliojengwa vema hudumu miaka mingi. Lakini mtambo usiotunzwa hufa ungali mpya, na mwenyewe hurudi kwenye mafiga akidhani ya kuwa fundi alimdanganya.

2. Gesi hutoka wapi

Shimo lenyewe halifanyi gesi. Gesi hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi katika mavi ya ng'ombe tangu yalipokuwa tumboni mwake. Ng'ombe hula majani, na vijidudu vya tumboni huyasaga na kuyachachusha; ndiyo sababu ng'ombe hucheua gesi mchana kutwa. Mtambo ni tumbo la pili. Nalo kama tumbo lolote lataka mambo matano: joto, maji, chakula kwa kipimo, kufungwa hewa isiingie, na kutotiwa sumu.

Kazi ya shimoni hufanyika kwa hatua mbili, na yafaa mkulima azishike vema. Katika hatua ya kwanza vijidudu vya aina moja huvunja majani na mavi na kuyageuza kuwa uchachu, kama uchachu wa siki. Katika hatua ya pili vijidudu vya aina nyingine hula uchachu huo na kutoa gesi iwakayo, iitwayo methani. Vile vya kwanza ni vingi, vyepesi na vigumu kufa. Vile vya pili huzaana polepole, hupenda joto, na hufa vikipata hewa. Kila apikaye mbege ajua ya kuwa kinywaji kilicho kizuri leo kikiachwa huwa kikali kesho. Shimoni pia ni hivyo: vijidudu vya kwanza vikifanya kazi kupita vile vya pili, shimo lote huchacha na gesi hukoma. Karibu kila kasoro itakayoelezwa hapa chini ina asili yake katika jambo hilo moja.

Gesi njema ina methani kiasi cha sehemu 50 hadi 70 katika 100. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni hewa ya kaboni isiyowaka, pamoja na kidogo ya gesi ya kibiriti yenye harufu ya mayai yaliyooza.

3. Joto

Vijidudu hivi hufanya kazi vizuri kabisa penye joto la digrii 35 za sentigredi au karibu na hapo. Joto likishuka hadi digrii 20, gesi ya siku hupungua kufikia nusu au chini yake. Likishuka chini ya digrii 15, huwa karibu kukoma.

Hapa ndipo wakulima wa mlimani walipo mbali na wenzao wa tambarare. Moshi mjini, penye kimo cha mita 800 hivi, wastani wa joto la mwaka ni kama digrii 23. Kila upandapo mita 100, joto hupungua kwa nusu digrii na kitu. Basi penye kimo cha mita 1,500 wastani ni kama digrii 19 au 20, na karibu na msitu ni chini zaidi. Mtambo unaotosha nyumba ya Rundugai hautatosha nyumba ya Masama ya juu yenye ng'ombe wale wale. Tena miezi ya Juni, Julai na Agosti, wingu likitanda mlimani siku nyingi, gesi hupungua hata katika mtambo usio na kasoro. Hilo si ugonjwa wala si sababu ya kuita fundi.

Yafaa kufanya haya ili kulinda joto:

(a) Mtambo ujengwe penye jua, si chini ya kivuli kizito cha migomba, wala si bondeni penye maji. Kuba ifukiwe udongo wa kutosha, kwa kuwa udongo huzuia baridi ya usiku.

(b) Mavi yachanganywe yakiwa mabichi, kabla hayajapoa. Mavi yaliyolala siku mbili zizini yamepoteza joto lake na sehemu ya gesi yake pia.

(c) Maji ya mfongo hutoka juu mlimani nayo ni baridi sana. Usiyatie moja kwa moja. Jaza pipa asubuhi, uliache juani, kisha uchanganye saa nane au saa tisa mchana.

(d) Wakati wa baridi, funika udongo ulio juu ya kuba kwa majani makavu mengi au kwa lundo la mboji inayooza, kwa maana lundo hilo hutoa joto lake lenyewe.

(e) Chimba mtaro kuuzunguka mtambo ili maji ya masika yasiingie. Maji hayo hupoza shimo na kuzimua rojo.

4. Siku za kukaa shimoni

Penye joto vijidudu husaga chakula upesi. Penye baridi hukawia. Kwa hiyo chakula kile kile lazima kikae shimoni siku nyingi zaidi mlimani kuliko tambarare. Tambarare yafaa kukadiria siku 50. Masama ya juu yafaa kukadiria siku 80.

Tutoe mfano. Nyumba yenye ng'ombe wawili wa maziwa wasiotoka zizini yaweza kupata kilo 30 za mavi kwa siku, yaani kama debe moja na nusu. Ukitia na maji kiasi hicho hicho, utapata lita 60 za rojo kila siku. Kwa siku 50, nafasi ya rojo itakiwayo shimoni ni lita 3,000. Kwa siku 80 ni lita 4,800. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtambo wa tambarare na mtambo wa mlimani, nayo yapasa kusemwa kwa fundi kabla hajachimba.

Ikiwa shimo limekwisha kujengwa dogo, dawa ni kupunguza chakula. Mwenye shimo la lita 3,000 penye baridi afadhali atie debe moja la mavi na debe moja la maji kwa siku, na nusu debe inayosalia aipeleke kwenye mboji. Asidhani kwamba amepata hasara. Mavi yanayosukumwa nje kabla ya kusagika hayakutoa gesi yake yote, tena huondoka na vijidudu upesi kuliko vinavyozaana.

Gesi ipatikanayo ni kama lita 30 hadi 40 kwa kila kilo ya mavi mabichi, ikiwa hali ni njema. Kilo 30 zaweza kutoa kama lita 1,000 kwa siku. Jiko moja la nyumbani hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Basi hiyo ni saa tatu hivi za kupika. Nyumba ipange upishi wake kwa kipimo hicho, na wakati wa baridi itazamie pungufu yake.

5. Maji na kuchanganya

Mavi mabichi yana maji mengi tayari, kama sehemu 80 katika 100. Hata hivyo yatie maji kwa kipimo sawasawa: debe kwa debe. Rojo liwe kama uji wa kunywa, si kama ugali. Rojo zito halitembei shimoni, na gesi hukwama ndani yake. Rojo jepesi mno hugawanyika: mchanga na mavi huzama, nyuzi huelea, na katikati hubaki maji yasiyo na chakula.

Vuruga kwa mti au kwa mkono mpaka mabonge yote yavunjike, kisha ondoa mabua na majani yanayoelea, na mawe na mchanga uliozama, kabla ya kufungua mlango wa shimo. Kazi hii ni ya dakika chache. Lakini mabua yakiachwa kila siku, baada ya miezi hufanya gamba gumu juu ya rojo, gesi hushindwa kupenya, na shimo hulazimu kufunguliwa.

Mkojo wa ng'ombe waweza kutumiwa badala ya sehemu ya maji, kwa kuwa vijidudu huuhitaji. Usiutumie peke yake. Ukizidi, nguvu ya chumvi yake huvichoma vijidudu kama inavyochoma mizizi ya mche mchanga.

6. Chakula kwa kipimo

Mtambo hupenda kula kila siku, saa ile ile, kiasi kile kile. Kumwaga madebe matano siku ya Jumamosi kwa ajili ya juma zima si sawa na kutia kidogo kila siku.

Kosa moja huonekana hasa mwezi wa Desemba. Watoto walio mijini hurudi nyumbani kwa Krismasi, vyungu huwa vikubwa, na mwenye nyumba hutia chakula mara mbili shimoni ili apate gesi mara mbili. Lakini vijidudu vya hatua ya pili haviongezeki kwa siku mbili. Uchachu hujaa, na baada ya wiki, wageni wakiwa wameondoka, moto huzimika. Afadhali vyungu vya sherehe vipikwe kwa kuni zilizowekwa akiba, na mtambo uachwe na kipimo chake cha kila siku. Ikiwa ng'ombe wameongezeka kwa kudumu, ongeza chakula kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa.

7. Majani na mabaki ya shamba

Wakulima wengi huuliza kama migomba, majani na maganda yaweza kufanywa gesi. Ndiyo, kwa masharti. Katika miaka ya 2000, huko Hale katika Mkoa wa Tanga, ulijengwa mtambo mkubwa wa kufanya gesi ya kuendesha umeme kutokana na mabaki ya mkonge. Lakini mtambo wa nyumbani umekusudiwa kwa mavi ya ng'ombe kwanza, na majani yawe kitoweo tu. Kipimo cha salama ni sehemu moja ya majani kwa sehemu nne za mavi, au pungufu.

Mgomba: Maganda ya ndizi ni mazuri. Shina la mgomba lina maji mengi, lakini nyuzi zake ni ndefu. Lazima likatwe vipande vidogo sana na kupondwa, la sivyo litafanya gamba.

Majani mabichi laini: Yakatwe yawe mafupi kuliko upana wa vidole viwili, kisha yalale siku chache katika rojo la mtambo kabla ya kutiwa.

Machicha ya mbege: Yana utamu, nayo huchacha upesi mno. Tia konzi chache tu katika debe la mavi, wala usimwage pipa zima.

Maganda mabichi ya kahawa: Wakati wa kumenya buni hupatikana mengi, na yakitupwa mtoni huharibu maji ya jirani. Yaweza kutiwa kidogo pamoja na mavi, lakini yana uchachu na vitu vinavyozuia vijidudu. Yaliyo mengi yapelekwe kwenye mboji.

Magunzi, vijiti, maranda na maganda makavu ya kahawa: Haya usiyatie kamwe. Ugumu wa miti hauliwi na vijidudu vya shimoni, hata ukingoja mwaka.

Kwa mabaki makavu kama haya ipo njia nyingine ya kufanya gesi, nayo ni ya moto. Vitu huchomwa katika pipa lililofungwa, kwa hewa chache isiyotosha kuviunguza kabisa, nayo gesi iwakayo hutoka. Katika vita vya 1939 hadi 1945 magari mengi ya Ulaya yaliendeshwa kwa gesi ya kuni na makaa namna hii, kwa sababu petroli ilikosekana. Mambo yake ni kinyume cha shimo: vitu lazima viwe vikavu, unyevu usizidi sehemu 20 katika 100, na moto ndani uwe mkali sana, kupita digrii 800. Vikiwa vibichi au moto ukiwa mdogo, lami hutoka kwa wingi na kuziba mabomba. Tena gesi hiyo ina kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Kwa hiyo si ya kujaribiwa jikoni.

8. Sumu za shimo

Dawa iuayo ukungu wa kahawa huua na vijidudu vya shimo. Mrututu na dawa nyingine za shaba ni sumu kwao hata zikiwa kidogo. Usioshee bomba la kunyunyizia karibu na mtambo, wala usitie majani yaliyonyunyiziwa dawa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, sabuni, na dawa za kusafishia vyombo vya maziwa zisiingie pia. Ng'ombe akichomwa sindano ya kuua vijidudu vya ugonjwa, mavi yake yawekwe kando siku zote za dawa na siku chache baadaye.

9. Dalili na dawa zake

Mtambo mpya hautoi moto: Ngoja. Gesi ya kwanza huwa ya kaboni, haiwaki. Iache itoke nje mbali na moto. Penye baridi yaweza kuchukua mwezi na zaidi. Ukipata madebe machache ya rojo kutoka mtambo wa jirani unaofanya kazi, ukayatia mwanzoni, utapunguza siku za kungoja.

Moto unarukaruka: Maji yamejaa katika bomba. Gesi hutoka shimoni ikiwa na unyevu, na baridi ya mlimani huugeuza kuwa maji. Fungua mahali pa kumwagia maji, kisha ufunge tena.

Gesi inapungua, rojo halina harufu mbaya: Tazama joto, tazama kipimo cha chakula, kisha tafuta uvujaji. Paka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba. Panapovuja patatoa mapovu. Usitafute kwa kiberiti.

Rojo linanuka uchachu, lina povu, na gesi ipo lakini haiwaki: Shimo limechacha. Acha kulisha kwa wiki moja au mbili. Kisha anza kwa nusu ya kipimo, ukitumia mavi mabichi peke yake, bila majani. Maji ya chokaa kidogo yaweza kusaidia, lakini chokaa nyingi huua.

10. Hatari

Usiingie shimoni kwa sababu yoyote, hata likiwa tupu, hata ukiitwa na aliyeanguka ndani. Humo hamna hewa ya kuvuta, na gesi ya kibiriti huzimisha akili kwa pumzi chache. Mara nyingi anayeshuka kuokoa hufa pamoja na wa kwanza. Kazi ya kufungua na kusafisha ni ya mafundi wenye vifaa.

Ukisikia harufu ya gesi jikoni, funga koki, fungua milango na madirisha, wala usiwashe moto wala taa. Gesi iliyochanganyika na hewa hulipuka. Washa kiberiti kwanza, kisha fungua koki; usifanye kinyume.

11. Rojo litokalo

Rojo litokalo si taka. Mbolea iliyokuwa katika mavi bado imo. Lipeleke likiwa bichi kwenye migomba na kahawa, ulimwage katika kijishimo kando ya shina, na ulifunike kwa udongo au majani. Likianikwa juani, sehemu kubwa ya nguvu yake huruka hewani. Kwa njia hiyo ng'ombe mmoja hulisha jiko kwanza, na kihamba baadaye.

12. Ya kukumbuka

(1) Tia chakula kila siku, kwa kipimo, wala usiongeze ghafula.
(2) Debe la mavi kwa debe la maji yaliyokaa juani.
(3) Mlimani shimo liwe kubwa zaidi, au chakula kiwe kidogo.
(4) Majani yawe machache na yakatwe. Vitu vya ugonzi na vya miti visiingie.
(5) Mrututu, sabuni na dawa zikae mbali.
(6) Mtu asiingie shimoni.

Mwenye shida amwendee afisa ugani wa kijiji au fundi aliyemjengea, akiwa na habari hizi mkononi: ng'ombe wangapi, madebe mangapi kwa siku, ukubwa wa shimo, na tangu lini gesi ilipungua. Kwa majibu hayo manne fundi ataweza kujua mengi kuhusu kasoro kabla hajashika koleo.